Simu Yenye Pazia

Ujumbe wa Kahiga uliingia Alhamisi asubuhi, Tobias akiwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai kwenye goti. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Kahiga hakupenda kuandika.

"Okello, habari ya asubuhi. Sikia, ile app ya magari imekamilika. Jumatatu tunaanza. Oda zitaingia huko, madereva wataona huko, na wewe utapanga magari huko huko. Mambo ya WhatsApp tumemaliza. Sasa, kijana anasema haiingii kwa iPhone. Ni Android peke yake. Tafuta Android kabla ya Jumatatu. Na Jumamosi Wainaina atakupitia na gari, ukuje Ruiru ufunzwe na wenzako."

Tobias aliucheza tena, kisha akaweka kikombe chini.

Kazi yake ilikuwa kupanga mabauza ya Kahiga, yale malori ya tangi yanayouza maji. Mifereji ya Ruiru ilikauka mara kwa mara, na ilipokauka, wenye maploti ya kupangisha walimpigia yeye, nyumbani kwake Makongeni, Thika, naye akawaelekeza madereva. Aliujua mji huo kwa sauti za watu wake. Alimjua mama wa mtaa wa Kimbo aliyelia kabla hajasema jina, na mwalimu wa Membley aliyeuliza kama maji ni ya kisima au ya mtoni. Wateja wengi hawakujua kwamba mtu aliyesema "kona ya kwanza baada ya kanisa la mabati, geti la bluu" hajaona rangi yoyote tangu akiwa mtoto mdogo.

"Umesikia?" alimwuliza mkewe.

"Nimesikia." Wangechi alikuwa kwenye cherehani yake, karibu na dirisha, akishona sketi za shule. Hakusimamisha mguu. "Si simu ni simu, Baba Maxine? Utazoea."

"Hii si simu. Hii ni mikono yangu."

"Hata Android inaongea. Niliona Jentrix wa pale kanisani, yule haoni vizuri, yake iko na sauti ya kuongea."

"Inaongea, ndiyo. Lakini inaongea kivyake. Vidole vyangu vinajua njia za hii."

Sauti iliyokuwa ndani ya iPhone ilisoma haraka kiasi kwamba mtu mwingine alisikia mlio tu. Wangechi aliiita "yule mdudu wako." Tobias alisikia kila neno. Alisoma ujumbe, akajibu, akatuma pesa, akaangalia salio, yote kwa kidole kimoja na sikio moja, bila kumwuliza mtu hapa pameandikwa nini.

Simu hiyo alipewa na mdogo wake, Calvince, Pasaka moja. Calvince alikaa naye siku nzima, akaushika mkono wake na kumwonyesha: sukuma kulia, sukuma kushoto, gusa mara mbili. Mwishoni akamfundisha jambo la kugusa kioo kwa vidole vitatu, mara tatu. "Sasa nimekuvutia pazia, omera, ndugu yangu," alisema. "Kioo ni cheusi, lakini simu inafanya kazi. Hata mimi sioni unasoma nini. Soma barua zako za mapenzi." Walicheka mpaka Wangechi akauliza kutoka jikoni kuna nini, wakamwambia hakuna kitu. Calvince alizikwa mwaka uliopita. Pazia halikuwahi kufunguliwa.

"Mpigie Kahiga," alisema Wangechi. "Mwambie akupe muda."

Tobias alipiga. Kahiga alishika haraka, huku lori likinguruma nyuma yake.

"Mzee wa maji! Umepata ujumbe?"

"Nimepata, bosi. Nilikuwa nauliza, hakuna vile naweza kubaki na WhatsApp kidogo? Oda ikiingia kwa app, mtu anitumie kwa WhatsApp, mimi napanga kama kawaida."

"Sasa huyo mtu wa kukutumia, si huyo ndiye atakuwa anafanya kazi?"

Tobias aliihamishia simu sikio la pili.

"Okello, wewe ni mtu wangu. Unajua hivyo. Lakini siwezi endesha vitu mbili. Tafuta hiyo simu, sawa? Hata ya kawaida tu."

"Sawa, bosi."

Mguu wa Wangechi ulikuwa umesimama. Tobias aliigeuza simu mkononi mwake, upande huu na upande ule.

"Amesema nini?"

"Tubadilishe."

* * *

Hawakuweza kuwa na simu mbili. Ilibidi hiyo iliyopo iende ndipo nyingine ije, waongeze pesa kidogo juu. Muthoka, fundi na muuzaji wa simu pale mjini Thika, alikuwa na utaratibu huo, na Tobias alimjua. Ila Jumamosi Tobias alitakiwa Ruiru, na Jumatatu ilikuwa karibu. Wakakubaliana Wangechi apeleke simu.

"Kwanza atoe namba za wateja, azihamishe kwa simu mpya," Tobias alimwambia asubuhi hiyo, akivaa shati lake la kanisani. "Zote. Ndio baadaye afute. Namba ya kufungulia ni mwaka Maxine alizaliwa."

"Nimesikia."

"Na aniwekee ile ya kuongea."

"Baba Maxine, nimesikia. Huyo Wainaina anapiga honi."

Tobias aliishika simu mara ya mwisho. Akaizima sauti kwa vidole, ili isije ikaanza kusemasema ndani ya mkoba wa Wangechi watu wakageuka. Hakukumbuka pazia. Kwake, simu yenye pazia na simu isiyo na pazia zilikuwa simu moja.

Ofisi ya Kahiga ilikuwa chumba kimoja kando ya yadi ya magari, na ilinuka dizeli na chapati. Madereva walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na simu yake. Kijana aliyetengeneza app aliitwa Ndung'u, mpwa wa Kahiga. Alisimama mbele akiwa na furaha ya mtu anayeonyesha kitu alichokitengeneza mwenyewe.

"Niaje wazee. Ni rahisi sana hii kitu. Mnaona hapa juu? Hii ya kijani ni gari iko njiani. Hii ya njano inajaza. Nyekundu imechelewa. Mnabonyeza hapa, mnavuta hivi, imeenda."

"Nimevuta," alisema dereva mmoja.

"Umevuta ya nani? Hiyo ni gari ya Wainaina!"

Wakacheka. Tobias alicheka pia, mikono ikiwa mapajani. Hakuwa na simu ya kuvuta kitu. Mtu aliyekaa kando yake alikuwa akibonyeza, na Tobias alisikia tiki ndogo ndogo, akajaribu kufikiria kila tiki inamaanisha nini.

"Kijana," alisema wakati kicheko kilipotulia. "Hizo batani zina majina?"

"Aje?"

"Majina. Yaani simu ikifika juu ya batani, isome. Iseme 'tuma,' iseme 'gari iko njiani.'"

Ndung'u alimtazama, kisha akamtazama mjomba wake. "Ziko na rangi, mzee."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kahiga alikohoa.

"Si unaweza kuweka majina?" Kahiga aliuliza.

"Naweza, anko. Itakuja na version ingine. Hii tumeshafunga, lazima tuanze Jumatatu."

"Umesikia, Okello? Itakuja."

"Nimesikia, bosi."

Wakaendelea. Wainaina, ambaye alikuwa mtu mwema, aliinama akamnong'oneza kwa jina alilopewa na madereva, "Usijali, DJ wa maji. Mimi ukiniita tu kwa simu nitaenda." Lakini naye alikuwa amekwisha kuyarudisha macho kwenye kioo chake kabla hajamaliza kusema.

* * *

Saa hizo hizo Wangechi alikuwa kwa Muthoka, amesimama mbele ya kabati la vioo, mkoba ameubana kwapani. Muthoka aliichukua iPhone, akabonyeza kitufe cha pembeni. Akabonyeza tena. Simu ikatetemeka kidogo mkononi mwake, lakini kioo kikabaki cheusi.

"Mama, hii display imekufa."

"Imekufaje? Jana ilikuwa inafanya kazi."

"Mashine iko hai. Sikia inatetemeka. Ni kioo." Akaileta karibu na taa yake ya mezani, akaiinamisha. "Si unaona? Hakuna kitu. Ilianguka?"

"Haijaanguka."

"Wanasemanga hivyo."

Wangechi aliitazama simu. Katika miaka yote aliyoishi na simu hiyo, iwe kitandani, mezani au kanisani, hakukumbuka hata siku moja kioo chake kuwaka. Hakuwahi kujiuliza. Mwenye simu hakuhitaji mwanga, na yeye alikuwa na simu yake. Sasa alimwona akilini Tobias akiutumia muda wote huo mtambo ulioharibika, bila kujua, na hakuna mtu wa kumwambia. Alimwonea huruma.

"Na namba zake?"

"Nitatoaje namba na sioni mahali pa kubonyeza? Zile ziko kwa laini utapata. Zingine, pole."

"Si uniwekee display ingine kwanza?"

"Display ya iPhone, mama? Ukiongeza hiyo juu ya Android, utarudi nyumbani na nini?"

Alitaka kumpigia Tobias amwulize. Akatoa simu yake, akatafuta jina, akabonyeza. Iliyotetemeka ni ile iliyokuwa mkononi mwa Muthoka.

Muthoka alitabasamu, si kwa ubaya. "Huyo ni mzee?"

"Ni yeye."

Namba ya Wainaina hakuwa nayo. Ya Kahiga hakuwa nayo. Zote zilikuwa ndani ya hicho kioo cheusi. Alisimama pale huku wateja wengine wakimpita bega, mmoja akauliza chaja ya kichwa kidogo, mwingine akasema, "Mama, kama bado unafikiria, tupishe kidogo."

"Mimi naweza kuchukua kama spea tu," alisema Muthoka. "Nikupe Android mpya, uongeze juu. Na ile ya kuongea naweka bure. Kwa sababu ni mzee Okello."

Ilibidi aongeze zaidi ya walivyopanga. Akatoa na pesa za kitambaa cha sketi. Muthoka alichomoa laini, akaiweka kwenye Android, akashika vitufe viwili vya sauti kwa pamoja mpaka simu ikaanza kuongea polepole, kama mwalimu wa chekechea.

"Akitaka kunyamazisha, anashika hizi mbili. Akitaka iongee, anashika tena. Si ni rahisi?"

* * *

Jioni Tobias aliipapasa simu mpya. Ilikuwa pana, na haikuwa na kitufe cha mviringo pale chini alipozoea kuweka dole gumba. Sauti ilisema mambo mengi asiyoyauliza. Akasukuma kulia, ikaenda asikokutaka.

"Namba zimeingia?"

Wangechi alikuwa akisonga ugali. "Zile za laini tu. Zingine zilikataa. Display ilikuwa imekufa."

"Display ya nini?"

"Ya iPhone yako. Ilikuwa nyeusi, Baba Maxine. Haikuwa inawaka. Muthoka amebonyeza mbele yangu. Hata alinipa bei ya spea, nikaongeza pesa yangu."

Tobias aliiacha simu mezani.

"Wangechi. Ulimwambia kuhusu pazia?"

"Pazia gani?"

Tobias alimgeukia. Kisha akamweleza, vidole vitatu, mara tatu, akigusa meza ili aone. Mwiko ulisimama kwenye sufuria.

"Ngai," alisema Wangechi. "Hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Miaka hii yote?"

"Haikuwa kwa sababu yako. Calvince aliweka tu. Nikasahau kwamba iko."

Wangechi alikaa kwenye stuli, mwiko ungali mkononi. Ugali ulianza kunuka kuungua, na Tobias ndiye aliyesema, "Mama Maxine, moto."

* * *

Jumapili walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwa Muthoka, Tobias ameshika kiwiko cha mkewe. Duka lilikuwa nusu wazi.

"Mzee Okello! Simu mpya inasemaje?"

"Muthoka, ile ya zamani iko?"

Muthoka aliweka bisibisi chini. "Kwani kuna shida?"

Wangechi alieleza, akichanganya maneno, vidole vitatu, pazia, kioo si kibovu. Muthoka alisikiliza mpaka mwisho. Aliondoa kofia, akairudisha.

"Aki mzee. Nilifungua jana ile ile. Kuna kijana wa Ngoingwa alikuwa na simu kama hiyo, imepasuka. Nilijaribisha hiyo display kwake nikijua imekufa, kubahatisha tu. Ikawaka! Nilishangaa sana, hata nilisema labda ni waya ilikuwa imelegea. Akaenda nayo."

"Na zile zingine?"

"Betri iko kwa mtu. Ubao niko nao, lakini nimeshachomoa vitu hapo. Haiwezi kurudi."

Tobias alinyoosha mkono juu ya kabati. Muthoka akaelewa, akamletea kisahani cha plastiki. Tobias aligusa vipande kimoja kimoja: skrubu ndogo kama chembe za mchele, kibati chembamba, na kile kitufe cha mviringo. Alikitambua. Aliweka dole gumba juu yake, hakikutetemeka.

"Niambie kitu cha kufanya nifanye," alisema Muthoka. "Mama alikuja peke yake. Mimi niliona kioo cheusi."

"Hujakosea," alisema Tobias. "Hata mimi ningeona cheusi."

Muthoka alitaka kucheka, akashindwa kujua kama anaruhusiwa. Mwishoni alitafuta chini ya kabati akamletea kava jipya la simu, la raba. Akalivika mwenyewe, akafuta na vumbi.

"Hii sichukui kitu, mzee."

"Asante," alisema Tobias.

* * *

Jumatatu oda ya kwanza iliingia kabla ya chai. Simu ilisema, kwa Kiingereza na polepole, kwamba kuna batani. Tobias akasukuma kulia. Batani. Akasukuma tena. Batani. Ukurasa mzima ulikuwa batani zisizo na jina, kama nyumba za ploti moja zenye milango iliyofungwa. Akagusa moja mara mbili. Mara simu ikalia, ni Wainaina.

"DJ, umenituma Githurai? Mimi niko na maji ya Membley."

"Pole. Endelea na Membley."

Akagusa nyingine. Kahiga akapiga.

"Okello, nani amefuta oda ya hospitali?"

Wangechi alikatisha uzi kwa meno, akainuka kwenye cherehani, akavuta kiti kando yake. "Leta nione."

Lakini simu ikiwa inaongea, kioo hakikukubali kidole cha mtu anayeona. Aligusa mara moja, ikasoma tu. Akagusa tena, ikaruka. "Hii kitu inanichanganya. Nizime hii sauti kidogo? Kidogo tu, nitoe hii oda."

"Zima."

Alishika vile vitufe viwili. Simu ikanyamaza. Wangechi akaona rangi zote, kijani, njano, nyekundu, na dakika chache baadaye oda ya hospitali ilikuwa imerudi na Wainaina amepata njia yake. Ilikuwa rahisi kweli, kama kijana alivyosema.

Kidogo hicho kikawa asubuhi, kisha siku. Wiki zilizofuata walikaa pamoja, Tobias akisema na Wangechi akibonyeza. "Huyo wa Kimbo mpe mapema, ana watoto. Huyo mwalimu mwambie ni ya kisima." Mwanzoni aliuliza kila oda. Baadaye aliuliza zile ngumu. Mguu wake ulikuwa mbali na cherehani, na sketi zilizokatwa zilibaki zimekunjwa kwenye kiti. Version nyingine ilikuja, ikiwa na sehemu ya kupima mafuta. Tobias aliiwasha sauti siku hiyo, akasukuma kulia mara kadhaa, batani, batani, akaizima mwenyewe.

Simu zilipopigwa, madereva walianza kusema, "Sasa mzee, mama yuko karibu?"

* * *

Mwisho wa mwezi, alasiri, kukiwa na mvua nyepesi kwenye mabati, ujumbe uliingia. Safari hii Kahiga alikuwa ameandika.

Wangechi aliichukua simu mezani akasoma kimya. *Mama Maxine, kazi yako ni safi sana. Kuanzia mwezi ujao nataka tuweke app kwa simu yako na malipo yaje kwako moja kwa moja. Mzee sasa apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Mwambie vizuri, wewe ndiye unamjua.*

"Ni nani?" aliuliza Tobias.

"Ni Kahiga."

"Anasema?"

Mvua ilisikika. "Anasema kazi ni safi sana."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Tobias alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameishi kwa kusikiliza watu wakimsomea tangu shuleni, kabla ya Calvince na Pasaka ile, na alijua muda ambao jicho huchukua juu ya maneno manne. Huu ulikuwa mrefu zaidi.

"Nipe nishike."

Wangechi alimpa. Hakuweza kumnyima. Ujumbe ulikuwa wazi bado, herufi nyeusi juu ya mwanga mweupe, na mwanga huo ukampiga Tobias kidevuni na kwenye shati. Aliishika simu wima mbele ya kifua chake, kama mtu anayesoma. Wangechi aliyatazama maneno, kisha uso wake, kisha maneno.

Vidole viwili vya Tobias vilikuwa vimefika pembeni, juu ya vile vitufe viwili vya sauti. Vikakaa hapo. Angevibana kidogo tu, simu ingeanza kuongea, polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ujumbe. Wangechi aliviona vidole hivyo.

Tobias hakuvibana. Alipitisha dole gumba juu ya kava la raba, pale chini ambapo hapakuwa na kitufe, kisha akamrudishia simu.

"Mjibu," alisema. "Mwandikie asante."

Wangechi akaandika.